Uzoefu wangu: kupima formoli hewani kwa katriji za maabara, Lubumbashi

Ninasimamia maabara ya patholojia katika hospitali moja ya hapa Lubumbashi, ambako vipande vya tishu hukaa ndani ya formoli ya asilimia 10, maji ya dawa yanayotoa gesi ya formaldehidi, na kwa miaka mingi kipimo chetu cha hewa kilikuwa macho: yakianza kuwasha, tunafungua madirisha. Baadaye tulinunua kifaa kidogo cha mkononi, lakini furaha yake haikumaliza wiki, maana kila mtu alipofungua chupa ya alkoholi karibu nacho namba zilipanda hata pale formoli ilipokuwa imefunikwa vizuri. Ndipo nikalipia huduma ya maabara moja ya Afrika Kusini, inayokodisha pampu na kutuma katriji, yaani vibomba vidogo vya kupitishia hewa, zenye silika iliyopakwa DNPH, kemikali inayoinasa formaldehidi na kuigeuza kuwa kitu kisichotoroka tena. Wao huikamua kwa asetonitrili, kisha huipima kwa mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali moja moja.

Kazi ya upande wetu ilihitaji uangalifu kuliko nilivyodhani. Pampu hupimwa kasi yake kabla na baada, katriji ikiwa imeunganishwa, kwa sababu matokeo yote yanategemea ujazo wa hewa iliyopita. Tuliibana katriji kwenye ukosi wa fundi wetu, karibu na pua, tukaifunga karatasi ya alumini kuikinga na mwanga, na pampu ikakaa mkandani. Saa moja haijapita akaniambia, "Shefu, hii mashini inaunguruma kiunoni kama nyuki." Alivumilia dakika 240, kwa lita 0.2 kwa dakika. Katriji ya pili tuliitumia kwa dakika 15 tu, kwa lita moja kwa dakika, alipokuwa akimwaga makopo ya sampuli za zamani.

Katriji mbili nyingine zilifunguliwa na kufungwa papo hapo bila kupitishiwa hewa. Nilikasirika kidogo kuzilipia, mpaka ripoti ilipoonyesha kuwa nazo zilikuwa na chembe za formaldehidi, ambazo zilitolewa kwenye hesabu. Kuhifadhi kila kitu kwenye baridi hadi kukabidhi kwa wasafirishaji ndiko kulikonipa wasiwasi, kwani usiku huo umeme ulikatika na ikabidi nitafute barafu mtaani.

Ripoti ilifika ikiwa safi: mikrogramu 14 kwenye katriji ya kwanza na 21 kwenye ya pili, yaani miligramu 0.29 na 1.4 kwa mita ya ujazo. Lakini walipogeuza kuwa sehemu kwa milioni walitumia kanuni ya usawa wa bahari, wakapata 0.24 na 1.1, wakati Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu na hewa yake ni nyepesi. Niliwaandikia, wakasahihisha bila ubishi: 0.27 na 1.3. Ni kosa dogo, ila kwa bei ile nilitarajia waulize mji wetu uko juu kiasi gani.

Namba ya kwanza iko chini ya kikomo cha Marekani cha saa nane, ambacho ni sehemu 0.75 kwa milioni, na hata chini ya kile cha Umoja wa Ulaya cha 0.3. Namba ya pili ndiyo iliyotunyamazisha. Kwa dakika 15 Marekani inaruhusu 2, hivyo tungejipongeza. Ulaya inaruhusu 0.6, nasi tumeipita zaidi ya mara mbili. Dakika zile za kumwaga makopo, ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa kazi, ndizo mbaya kuliko zote, na kile kifaa cha mkononi kisingetuonyesha hilo, kwa kuwa siku hiyo alkoholi ilikuwa wazi meza ya jirani.

Sasa makopo yanamwagwa chini ya feni ya kunyonya hewa, mlango ukiwa umefungwa. Nimeagiza katriji sita nyingine: nne za kumwaga, mbili za kubaki tupu.