Kuhamisha mihuri ya viza kwenye pasipoti mpya nikiwa Thailand: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonisukuma kuandika. Kuhamisha mihuri kutoka pasipoti ya zamani hadi mpya katika ofisi ya uhamiaji ya Thailand ni bure. Hulipi hata baht moja. Broka mmoja wa hapa mjini kwetu, ambaye sitamtaja, aliniambia ni baht 4,500 na pasipoti zote mbili zilale kwake siku mbili. Ukipiga hesabu, hizo ni kama shilingi elfu kumi na nane za Kenya. Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni nimtumie, ila hiyo habari ya pasipoti kulala kwake ndiyo ikanitia shaka. Nikasema acha niende mwenyewe.

Nafundisha hesabu katika shule ya sekondari kaskazini mashariki mwa Thailand, huu mwaka wa sita. Pasipoti yangu haikuwa imeisha muda, ilikuwa imeisha kurasa. Miaka ya mwanzo nilikuwa navuka mto Mekong kwenda Vientiane, Laos, kutafuta viza. Ya Laos ni stika inayokula ukurasa mzima, na ya Thailand wakati ule nayo ilikuwa stika ya ukurasa mzima. Halafu kila mwaka kuna muhuri wa kuongezewa muda, ule wa baht 1,900, kuna kibali cha kurudi nchini, kuna mihuri ya kuingia na kutoka. Kitabu cha kurasa 34 kinakwisha hivi hivi ukikitazama. Mara ya mwisho afisa alipokosa pa kugonga kibali changu cha kurudi, alikisukuma huko nyuma kabisa, juu ya muhuri hafifu wa Laos uliokuwa umeanza kufutika. Ukurasa huo ulikuja kunigharimu mchana mzima.

Likizo ndefu ya shule huku huanza Machi, kwa hiyo nilirudi Nairobi nikafanya kila kitu huko: maombi kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, alama za vidole Nyayo House kwenye ofisi za uhamiaji, kisha kusubiri. Safari hii nilichukua ya kurasa 66, shilingi 12,500. Ni pesa, lakini ukiishi nchi yenye kupenda mihuri kama hii, usiumize kichwa na ile ndogo. Jambo moja kwa mnaobadilisha nyumbani: mwambieni karani mapema kwamba ndani ya pasipoti ya zamani kuna viza hai na mnataka kitabu kirudi. Changu kilirudi kimekatwa kona ya jalada, kurasa zote nzima. Semeni kabla mkasi haujatoka.

Kurudi Thailand kulikuwa kwepesi kuliko nilivyohofia. Ile fomu ya kuwasili ya mtandaoni, TDAC, iliyoanza Mei 2025, niliijaza kwa namba ya pasipoti mpya ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, dada wa kaunta aliifungua pasipoti mpya, akapekua ikawa tupu, akaniangalia.

"Viza iko wapi, kaka?"

"Iko kwa hii ingine."

Akazilinganisha picha mbili, ya kijana na ya huyu mzee wa sasa, akacheka, akanipa kiti. Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, pia niliweka zote mbili juu ya kaunta pamoja. Afisa alifungua ya zamani penye kibali cha kurudi, akagonga muhuri wa kuingia kwenye mpya, na kwa kalamu akaandika tarehe ileile ya mwisho ya ukaaji wangu. Nikadhani nimemaliza.

Kumbe bado. Pasipoti mpya ilikuwa na tarehe lakini haina mizizi: hakuna panaposema niko nchini kwa viza gani, iliyotolewa lini, wala niliongezewa muda wapi. Katibu wa shule, mama ambaye ameshawapitisha walimu wa nchi chungu nzima katika njia hii, aliniambia nihamishe mapema kwa sababu bila hivyo maombi ya mwaka ujao hayatapokelewa.

Nyaraka si nyingi. Pasipoti zote mbili, fomu ya kuomba kuhamishiwa mihuri, fotokopi za kurasa za maana za kila kitabu, risiti ya TM30 (ile taarifa kwa uhamiaji ya mahali unapoishi), na barua ya ubalozi inayothibitisha kwamba pasipoti hii imechukua nafasi ya ile. Barua yangu niliipata ubalozi wetu Bangkok. Rafiki yangu Mtanzania tunayefundisha naye alisubiri yake kutoka Kuala Lumpur, na kusubiri huko ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote. Kuna ofisi za mikoa zisizouliza barua hiyo kabisa. Ya kwetu huuliza. Pigeni simu kwanza, au afadhali mtu anayejua Kithai awapigie.

Siku yenyewe nilifika saa mbili kasorobo asubuhi, ofisi inafunguliwa saa mbili na nusu. Nje, kama kwenye kila ofisi ya uhamiaji niliyowahi kuikanyaga nchi hii, kuna kibanda cha fotokopi. Mama wa kibanda anajua kazi kuliko mawakala wote. Nilimpa vitabu viwili, nikasema neno la Kithai la kuhamisha muhuri ambalo katibu alinifundisha, akapekua kwa kidole gumba, akanakili kurasa anazojua, kisha akaniwekea kalamu ya buluu mbele. Kila karatasi lazima uweke sahihi, na iwe ya buluu. Ukitumia nyeusi unaweza kuambiwa urudie. Alinitoza baht 18.

Dirishani zamu yangu ilifika saa tano unusu. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, haongei. Nilipenda kumtazama akifanya kazi. Alifungua ukurasa mweupe wa pasipoti mpya, akagonga muhuri mkubwa wenye mistari mitupu, akaanza kuijaza kwa mkono: namba ya pasipoti ya zamani, aina ya viza, namba yake, siku ilipotolewa, siku niliyoingia, siku ya mwisho ya kukaa. Kila mstari anaweka rula chini ya maandishi ya kitabu cha zamani, anasoma, anahamia upande huu, anaandika. Kisha sahihi, na muhuri mdogo mwekundu juu ya sahihi. Akanirudishia vyote, akainamisha kichwa. Dakika ishirini.

Nikatoka, nikapanda pikipiki, nikavaa kofia. Sijui ni nini kilinifanya nivue tena nikahesabu. Viza ipo. Muda nilioongezewa upo. Kibali cha kurudi hakipo. Kile cha baht 3,800, cha kuingia na kutoka mara nyingi, ambacho bila hicho ukivuka mpaka hata kwa siku moja ukaaji wako wote unakufa na unaanza upya na viza mpya. Mama wa fotokopi hakukiona kwa sababu kilikuwa kimefichwa kule nyuma juu ya muhuri wa Laos, afisa akahamisha kilichonakiliwa, na mimi mwalimu wa hesabu nilitia sahihi karatasi bila kuzihesabu.

Ilikuwa saa sita na dakika nne. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa chakula cha mchana hadi saa saba. Nikala wali wa kunata na kuku wa kuchoma pale nje, nikanakili ukurasa ule mmoja (baht 2), nikapewa namba mpya ya foleni, na nikafika dirishani saa tisa kasoro. Afisa ni yuleyule. Nilimwonyesha kwa kidole, akasogeza kitabu karibu na taa, akakunja uso, kisha akasema "Ooo" ndefu. Akagonga, akajaza, akaniomba radhi ingawa kosa kubwa lilikuwa langu. Hakunitoza kitu.

Kwa hiyo ukipewa kitabu chako, usiondoke dirishani. Simama hapohapo, hata anayekufuata akikohoa, linganisha ukurasa kwa ukurasa.

Yaliyofuata ni madogo lakini yana usumbufu wake. Ripoti ya siku 90, ile ya kuwajulisha uhamiaji unapoishi, nilijaribu kuituma mtandaoni kama kawaida, mfumo ukaikataa kwa kuwa namba ya pasipoti ni ngeni kwake. Ya kwanza baada ya kubadilisha unaipeleka mwenyewe na fomu ya TM47, zinazofuata ndizo zitakubali mtandaoni. Kibali cha kazi, ambacho wakati ule changu kilikuwa kitabu cha buluu, shule ilipeleka ofisi ya kazi wakabadilisha namba. Laini ya simu ilikuwa dakika tano.

Ofisi ya uhamiaji naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki ni ya zile saa nilizokaa kwenye kiti cha plastiki. Mama wa fotokopi tano, pamoja na ule ukurasa aliouruka. Broka simpi kitu, hata hivyo nimesikia bado ana wateja.

Benki ndiyo imebaki. Nilienda na pasipoti mpya nikaambiwa nilete ya zamani, nikaenda nazo zote mbili nikaambiwa nirudi tawi nililofungulia akaunti, ambalo liko mji nilioishi miaka minne iliyopita. Basi la huko linaondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Vitabu vyote viwili viko mezani, vimefungwa pamoja kwa mpira, na fotokopi saba zilizotiwa sahihi ya buluu.