TAHADHARI: Fundi wa mageti ya umeme Dodoma anang'oa mota nzima na kukufungia mbovu

Wakuu mnaokaa Ilazo, Iyumbu, Kisasa na maeneo ya jirani, kuna jamaa anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kuwa ni fundi wa mageti ya rimoti, naombeni sana mumkwepe.

Geti la mama mdogo wangu liligoma kufunga, yaani linafunguka vizuri tu ila ukibonyeza lifunge linatikisika kidogo linatulia. Jamaa kaja, hata kifuniko hajafungua kashasema mota imeungua, kachukua laki saba, kang'oa mota kaondoka nayo. Baadaye karudi na "mpya". Mpya gani haina boksi, kibati cha namba kimebanduliwa, bolti zina mikwaruzo ya spana na ndani kuna utando wa buibui! Kafunga, geti likagoma vilevile, ndo akaanza ooh na bodi inayoongoza mota imekufa, ongeza laki nne.

Nilipoitwa nikaenda moja kwa moja kwenye sensa, zile mbili zinazotazamana kwenye nguzo. Kioo cha moja kilikuwa kimezibwa na vumbi, na upepo wa Dodoma kiangazi mnaujua. Nimefuta na kitambaa, geti likafunga hapohapo. Sensa ikizibwa geti linajua kuna gari au mtoto njiani, linakubali kufunguka linakataa kufunga. Mota ingekuwa imeungua hata kufunguka lisingefunguka!

Kwa hiyo kabla ya kuita mtu futa sensa, badili betri ya rimoti, angalia breka ya umeme, na kokoto kwenye reli. Likiunguruma bila kusogea mara nyingi ni kapasita, spea ndogo tu inayoisaidia mota kuanza kuzunguka, ila usiishike mwenyewe maana inabaki na umeme hata ukizima. Ukikwama kabisa kuna funguo ya kulegeza mota, unasukuma geti kwa mkono. Wenye milango ya kupanda juu, springi ikikatika msiiguse, inaua ile.

Huyu jamaa hana duka, risiti ya EFD hatoi, na hela anataka itumwe kwenye namba yenye jina lingine. Fundi yeyote akitaka kuondoka na mota yako piga kwanza picha ya kibati cha namba.

Saa hizi hapatikani kwenye simu, polisi tumeshatoa taarifa. Kadi ya waranti ya ile mota aliyoondoka nayo tunayo na namba ipo, ukiletewa mota iliyotumika bei ya kutupa hapa mjini nicheki tulinganishe kabla hujalipa.