Mipini Isiyo na Visu: Kasha la Mpasuaji wa Mary Rose

Jumba la Makumbusho la Mary Rose, lililomo katika eneo la kihistoria la bandari ya Portsmouth nchini Uingereza, linasifiwa zaidi kwa mizinga yake na kwa mabaki ya merikebu yenyewe. Kwa anayefuatilia historia ya tiba vitani, hata hivyo, kivutio kikuu ni kasha la mbao la kinyozi-mpasuaji, yaani kinyozi aliyefanya pia kazi ya upasuaji, aliyehudumu ndani ya manowari hiyo ya Mfalme Henry VIII, ambayo ilizama tarehe 19 Julai 1545 ikipambana na Wafaransa na kuopolewa mwaka 1982.

Anayetarajia misumeno inayong'aa atatoka mikono mitupu. Vyuma vya zana hizo vililiwa na kutu, ilhali mbao zilizofunikwa na tope lisilo na hewa zilisalimika. Ndiyo maana mgeni huonyeshwa mipini mitupu ya nyembe, ya msumeno wa kukatia viungo na ya keekee ya kutobolea fuvu. Sioni kama hiyo ni kasoro. Makabati mengi ya zana za upasuaji wa vitani, katika majumba mengine, hujazwa visu vilivyosuguliwa vikang'aa, vilivyonunuliwa huku na kule, bila kuelezwa vilimtibu nani wala katika vita gani. Hapa kuna zaidi ya vitu 60 vya kasha moja, na siku vilipozama inajulikana.

Kinachostahili kutazamwa kwa utulivu ni vikopo vya marhamu, kwa kuwa baadhi ya dawa iliyobaki ndani bado ina alama za vidole vya aliyekuwa akiichota. Kuna pia nyundo ya mbao na bomba la sindano la aloi ya bati, la kuingizia dawa katika njia ya mkojo, kifaa ambacho wanaume wengi hukipita wakiwa wamekunja uso. Wagonjwa walivumilia haya yote wakiwa macho, kwani etha ilikuja kuonyeshwa hadharani kama dawa ya usingizi wa upasuaji mwaka 1846. Mwaka uleule merikebu ilipozama, mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré alichapisha kitabu akipinga desturi ya kuunguza majeraha ya risasi kwa mafuta yanayochemka. Hivyo kasha hili ni la zama ambazo ufundi wenyewe ulikuwa unaanza kubishaniwa.

Jina la mpasuaji halijulikani, ingawa kofia yake ya mahameli ipo. Kwa kuwa vitu vilivyoopolewa vinapita 19,000, ni rahisi kufika kwenye kasha macho yakiwa yamechoka. Ningeshauri mgeni aanze nalo, kisha mizinga ifuate.