Huyu ni huyu kwa nini? Mkusanyo wa Spade chini ya penseli

Anayetaka kitabu kimoja kuhusu kinachomfanya Socrates awe huyu, si mwanadamu basi, achukue Five Texts on the Mediaeval Problem of Universals cha Paul Vincent Spade (Hackett, 1994). Wamo wanafalsafa Porphyry, Boethius, Abelard, Duns Scotus na Ockham, wote kwa Kiingereza. Kilatini hakimo, mwenye kutaka kulinganisha maneno atapata tabu.

Porphyry ni mfupi, msome wote. Kwake mtu mmoja ni fungu la sifa lisilopatikana zima kwa mwingine. Jibu tamu, ila sifa huja na kuondoka, mtu akabaki yuleyule. Boethius na Abelard wasubiri.

Thamani ya fedha yako iko kwa Scotus. Maswali yake ni sita: je, kitu ni hiki kwa asili yake yenyewe, ile inayoshirikiwa na wenzake, kama ubinadamu? Kwa ukanusho fulani? Kwa kuwapo? Kwa kiasi? Kwa maada? La tatu usiliruke: kuwapo hakumtengi Petro na Paulo, maana wote wawili wapo. Kiasi nacho kinaangushwa kwa Ekaristi: baada ya mageuzo ya mkate kuwa mwili wa Kristo, kiasi cha mkate ni kilekile na dhati ya mkate haipo. Swali la sita ndipo anapojibu: ndani ya kitu mna uhalisi unaoifunga asili iwe hii. Ndio unaojulikana kama haecceitas. Kiswahili chaupata bila jasho, uhuyu.

Malaika wasikushangaze, Scotus ameuweka mjadala wote chini ya mada yao. Kwa Thomas wa Akwino maada ndiyo inayogawa, hivyo kila malaika ni aina yake pekee. Mwaka 1277 Askofu Tempier wa Paris alilaani kauli 219, mojawapo, inayogusa rai hiyo, ikisema Mungu hawezi kuzidisha wengi wa aina moja bila maada.

Wengi hukwama kwa kudhani hoja za mwanzo wa swali ni msimamo wa mwandishi. Ziruke, soma jibu lake, kisha rudi uoanishe kila hoja na majibu yaliyo mwishoni, moja moja. Kwa Ockham hatari ni kubwa zaidi, kwani humweleza Scotus kwa kirefu kabla ya kumpinga. Andika S (Scotus) au O (Ockham) pembeni mwa kila aya. Msimamo wake mwenyewe ni mfupi: kila kitu ni hiki kwa nafsi yake, hakihitaji nyongeza. Kinachodai maelezo ni kile cha jumla, kama ubinadamu.