Fundi wa Mabatini aliyenichorea sangara kwenye kirikuu: mkono anao, ila msimamie

Jamani mnaoniuliza nani kaichora ile kirikuu yangu, kigari cha kubebea samaki, leo najibu mara moja msinijazie tena inboksi. Fundi yuko Mabatini hapa Mwanza, hana bango wala nini, ana turubai na makopo ya rangi kayapanga juu ya jiwe, ukiulizia "yule anayechora bajaji" unaoneshwa.

Mimi nilienda nikitaka stika tu kama kila mtu. Akaniambia dada, stika jua la hapa linaikausha inabanduka kama ganda la kitunguu, acha nikuchoree kwa brashi. Tukakubaliana laki na themanini, pande mbili na mlango wa nyuma, siku tatu.

Siku tatu soma kumi na moja. Leo rangi haijakauka, kesho mvua, keshokutwa yuko msibani, na mimi huku nakodi guta kila alfajiri kutoa mzigo soko la samaki la Mwaloni.

Ila kazi sasa! Sangara kajaa ubavu mzima, na magamba yake hakuyachora kwa brashi, alichukua kizibo cha soda anachovya kwenye rangi ya fedha anagonga, anahama anagonga, mstari wa chini unaingilia katikati ya ule wa juu, ukisogea karibu unaona kabisa meno ya kizibo kwenye kila gamba. Jicho aliliweka mwisho, dole gumba la njano halafu nukta nyeusi, basi. Nilikaa kwenye ndoo kama nusu saa naliangalia hilo jicho tu. Nyuma kaweka Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, na ndege mnandi juu yake kapanua mabawa anajianika. Rangi yenyewe ni ile ya mafuta ya kawaida, nikaguna, akaniambia mchoraji Edward Tingatinga alianza 1968 kule Dar na rangi za baiskeli kwenye hadibodi, sasa mimi kwenye bati nashindwaje? Nikanyamaza.

Tatizo lake ni simu. Kaona picha za Houston huko Marekani, wana gwaride la magari ya mapambo tangu 1988, watu wanabandika midoli, vifungo, kila takataka, kuna bwana mmoja Harrod Blank alifunika gari lake lote kwa kamera na baadhi zinafanya kazi, zinawapiga picha wanaoshangaa. Basi naye kapagawa, anataka vizibo kwenye deshibodi. Nikasema haya. Kabandika kwa silikoni bila hata kufuta vumbi, nimefika kwenye mashimo kuelekea Igoma vinadondoka kimoja kimoja, kimoja kikaenda kukaa chini ya pedali ya breki. Hapo sikucheka, niliegesha nikavitoa vyote.

Na msasa hapendi huyu mtu. Upande wa dereva alisugua vizuri akapiga praima kwa sababu nilikuwepo, upande wa abiria sikuwepo, na sasa miezi miwili tu tumbo la sangara linabanduka kwa maji ya barafu. Halafu maandishi, nilimpa karatasi RIZIKI MAFUNGU SABA, yeye kaandika MAFUGU. Nilivyolalamika akachomeka N ndogo kwa juu, iko pale mpaka leo kama mtoto anachungulia ukutani. Makonda wa Buhongwa wananiita Mama Mafugu, nimeshazoea.

Kingine, mwambieni asiguse boneti wala milango ya mbele, rangi ya gari ibaki ile ya kwenye kadi. Trafiki alinisimamisha, kadi inasema nyeupe, akazunguka gari mara mbili, akaona kweli nyeupe bado ipo ya kutosha, akaniuliza sangara kilo shilingi ngapi. Ukitaka kubadili rangi yote nenda TRA kwanza wabadilishe kadi.

Jumamosi nimemrudishia upande wa abiria, anarudia bure, nimebeba kiti changu na chai nakaa hapohapo mpaka amalize msasa. Sasa anataka elfu arobaini achore sato kwenye paa. Nikamuuliza fundi, paa nani ataliona? Akanyoosha brashi juu kule kwenye nyumba za mlimani kwenye mawe, nguo zimeanikwa, wamama wamekaa barazani wanatuangalia sisi huku chini. Nimempa ishirini ya kuanzia.