Vitalu viwili vya miche Kibaha: uzoefu wangu

Kiwanja changu Kibaha kina pande mbili zisizofanana. Juu, karibu na nyumba, ni kichanga kitupu: unamwaga ndoo ya maji, hujageuka yameshazama. Chini, mpakani na jirani, ni mfinyanzi mweusi. Masika yakikolea, maji yanatuama wiki nzima na vyura wanahamia.

Kitalu cha kwanza kiko kando ya barabara. Miche inapendeza, majani yanang'aa. Nilichukua miparachichi sita iliyobebeshwa (kikonyo cha aina moja kimeungwa kwenye shina la mche mwingine), mikorosho minne na bogenvilia za uani. Muuzaji aliniuliza jambo moja tu: nalipa taslimu au kwa simu?

Miparachichi niliipeleka bondeni, nikijua huko sitahangaika kumwagilia. Mwezi wa nne majani yakalegea kama ya mti wenye kiu, na mimi, kwa ujinga wangu, nikaongeza maji! Nilipong'oa wa kwanza, mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka. Ilikuwa imekosa hewa ikaoza. Yote sita ikafa. Baadaye nikaambiwa kwamba aina ile, Hass, hustawi zaidi kwenye baridi ya Njombe na Rungwe kuliko kwenye joto letu. Hilo nilitaka kulisikia kabla sijatoa pesa.

Mikorosho haina neno, maana niliiweka juu. Bogenvilia nazo zimeshika. Ila ukizimwagilia sana zinajaza majani, maua huyaoni.

Kitalu cha pili nilielekezwa na jirani. Mzee wa pale siku ya kwanza alikataa kuniuzia. "Mama, kaniletee udongo wa juu na wa chini, kila mmoja na mfuko wake." Nikadhani ananizungusha. Nilipourudisha, akalowesha ule wa chini, akausokota viganjani mpaka ukawa kama kamba. Wa juu ulimponyoka vidoleni. Akanituma nichimbe shimo la futi mbili kila upande, nijaze maji, niangalie. La juu lilikauka kabla sijamaliza chai. La chini, asubuhi yake, bado lilikuwa na maji.

Bondeni akanipa mizambarau mitatu na mikindu miwili (mama mkwe, msuka mikeka, alifurahi kuliko mimi). Juu, mivinje na mkungu. Nilitaka pia mwarobaini kule chini, akagoma: unavumilia ukame, ila maji ya kutuama hauyawezi. Nikaupandisha juu.

Kasoro anazo. Bei yake ni karibu mara mbili ya kule barabarani, na usafiri unajitafutia mwenyewe. Miche mingine ilikuwa imekaa mno kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche), mizizi imejiviringisha chini kama kata ya kichwani, ikabidi niikate ndipo nipande. Ukienda, mwombe achane kiriba kimoja ukione kabla ya kulipa, hakasiriki.

Masika yamepita mara mbili tangu hapo. Mizambarau imenizidi kimo. Mvinje mmoja uliliwa na mbuzi, lakini hilo ni la mwenye mbuzi. Vuli hii nataka asumini chini ya dirisha la chumbani, na udongo wa pale nimeshauweka kwenye mfuko.