Maadili ya Kiroho au Sheria: Jamii Isimame Juu ya Msingi Upi?

Kwa gharama, maadili ya kiroho yanashinda waziwazi, kwa kuwa anayeamini kwamba Mungu anamwona hahitaji askari wa kumzuia asiibe, ilhali sheria hudai polisi, mahakama na magereza.

Kwa kutegemeka, mambo hugeuka. Imani hukaa moyoni, na moyo haukaguliwi. Tena si haki kumhukumu mtu kwa imani asiyoishika, hoja ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Nchini India, Gandhi alihubiri kwa miaka mingi kwamba kuwatenga watu wa tabaka la chini kabisa, walioitwa “wasioguswa”, ni dhambi, lakini ni katiba iliyoanza kutumika mwaka 1950 iliyopiga marufuku utengano huo nchi nzima. Hata hivyo ubaguzi haukuisha, kwani hakuna kifungu kinachoweza kumlazimisha mtu amheshimu jirani yake kwa dhati.

Kuhusu utunzaji, sheria hurekebishwa bungeni. Maadili hulelewa upya katika kila kizazi.

Basi jumuiya ndogo yenye imani moja inaweza kuanza na maadili, ila mji wa watu wasiojuana, wenye dini mbalimbali, utangulize sheria, huku wazazi na viongozi wa dini wakiendelea kulea dhamiri.